Gari Lisilochakaa

Jumamosi ile saa tatu asubuhi, fundi saa alitoa gari gerejini na kulifuta kwa kitambaa laini kuanzia paani kushuka chini, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mmoja. Kisha akarudia upande wa kushoto ambako jua lilikuwa linapiga. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lenye viti viwili vya mbele na vingine viwili vya nyuma ambavyo hata paka angelalamika akiwekwa. Mita ilisoma kilometa elfu sitini na moja. Ngozi ya viti haikuwa na ufa hata mmoja. Ukifungua boneti ungeweza kutandika kitambaa cha mezani juu ya injini ukanywa chai.

Mkewe alikaa barazani, ameunyoosha mguu wa kushoto juu ya kigoda, kwa sababu goti la mguu huo ndilo lililobeba klachi.

Si kila gari huwa hivyo. Magari mengi huchakaa yenyewe, kimyakimya, mpaka siku yanapokataa kuwaka. Lakini gari likitunzwa kupita kiasi, uchakavu wake hukosa pa kukaa, na kitu kilichokosa pa kukaa hutafuta mtu. Wao waligundua mwaka wa pili. Tairi la lori lilirusha jiwe likagonga kioo cha mbele. Fundi akasimama kando ya barabara, akapapasa kioo chote kwa kidole, asione alama. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe bafuni, kipande cha jino la mbele kimelala kiganjani mwake.

"Lilikuwa jiwe?" mkewe aliuliza.

"Jiwe."

"Kubwa?"

"La wastani," alisema fundi, akaomba radhi, na kutoka siku ile akawa anakaa mbali na malori.

Watu wote walimwita mkewe Mwalimu, hata mumewe alimwita hivyo, kwa kuwa alifundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na tisa mpaka goti lilipokataa kusimama mbele ya ubao. Jua lililopaswa kupausha rangi ya gari lilipausha mikono yake. Unyevu uliopaswa kula chuma chini ya milango ulimwingia kifuani, akawa anakohoa kuanzia masika mpaka kipupwe. Fundi aliyajua yote hayo na hakuyapuuza. Alibadilisha oili kabla ya wakati, akabadilisha mkanda wa injini mara tu moyo wa Mwalimu ulipoanza kuruka pigo, na kila jambo aliliandika katika daftari lenye safu mbili, moja ya gari na moja ya mke, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. "Namtunza mke wangu," aliwaambia majirani huku akipaka nta. Wake wa mtaa mzima waliwasimanga waume zao kwa mfano wake.

Mara moja tu Mwalimu alimwomba aliegeshe. Fundi hakubisha. Alilifunika kwa turubai miezi mitatu, na katika miezi ile Mwalimu alilala usiku kucha, akaanza kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani. Mwezi wa nne fundi akaanza kuzunguka gereji kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Gari likikaa linakufa, Mwalimu."

"Na mimi nikikaa?"

"Wewe unapumzika," alisema, akaenda kulifunua.

Kilicholeta uuzaji ni mtoto wa jicho. Daktari alimweleza fundi kwamba macho yote mawili yameshaingia ukungu, kwamba aache saa na aache usukani. Siku ile fundi alilia mezani, kidogo, bila sauti. Mwalimu alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya ameinamisha kichwa, mpaka akavimaliza vyote, na viazi vilikuwa vingi kuliko walivyohitaji watu wawili. Hakutaka mumewe auone uso wake.

Fomu ya kuhamisha umiliki ina sehemu nne. Ya kwanza ni ya muuzaji, ya pili ni ya mnunuzi, ya tatu ni ya namba za injini na bodi. Ya nne huachwa tupu na watu wengi, maana haiwahusu. Imeandikwa *Uchakavu*, na chini yake kuna maneno mawili ya kuchagua: *unahama*, *unabaki*. Ukihama, mtu wa nyumba mpya atakayeupokea anatia saini.

"Tutaandika unahama," fundi alimwahidi mkewe.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa akisomea uuguzi mji mwingine, alipiga simu jioni ile.

"Liende tu, mama. Sehemu ya nne mtaandika nini?"

"Baba yako amesema unahama."

"Amesema au ameandika?"

"Ameahidi."

"Haya," alisema binti, kwa namna ambayo neno hilo husemwa na mtu asiyetaka ugomvi kwenye simu.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa wakili mjane. Alilizunguka gari mara tatu, akalipenda, akasoma daftari lote akiwa amesimama. Kisha akakumbuka kwamba anaishi peke yake. "Kwa hiyo utaniangukia mwenyewe," alisema, akapapasa magoti yake yote mawili juu ya suruali, akaaga. Wa pili aliuza mbao.

"Mimi sina shida," alisema. "Nina mama mkwe. Bado ana nguvu."

Fundi alicheka kwa adabu, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Itabidi atie saini mwenyewe," alisema fundi.

"Atatia. Akivua miwani anatia saini popote."

Fundi alishusha boneti taratibu, akamwambia gari limeshapata mtu. Halikuwa limepata, lakini hakuweza kumuuzia mtu wa aina ile, na alikuwa hajui kusema uongo mwingine zaidi ya huo.

Wa tatu ndiye huyu wa Jumamosi. Alikuwa mfamasia, kijana, viatu vinang'aa. Alikuja na mchumba wake, karani wa posta, na fundi magari aliyeitwa Bisibisi. Mfamasia alipotelemka kwenye gari alilokuja nalo, mlango wake aliubamiza mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la jirani. Mwalimu aliusikia ule mlango, na bega lake likajikunyata bila kuambiwa.

Bisibisi alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono wa mtoto. Aliwasha gari, akagusisha ncha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alisikiliza huku, akasikiliza kule.

"Kama imetoka kiwandani jana," alisema hatimaye. Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

Fundi saa alinyoosha kidole barazani.

Bisibisi alipanda ngazi, akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Samahani, naomba goti."

Mwalimu alipandisha gauni kidogo. Bisibisi alifuta ncha kwa kitambaa, akaigusisha kwenye goti, akaweka sikio. "Kunja. Nyoosha. Aa! Hapa bushi ya mpira hakuna, ni chuma kwa chuma. Tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili," fundi saa alijibu kutoka chini, daftari mkononi.

"Vuta pumzi, mama." Akasikiliza mgongoni. "Kutu ipo, lakini haijatoboa. Moyo mzuri. Mkanda ulibadilishwa kwa wakati, inasikika." Alisimama, akaivaa kofia yake na kumgeukia mfamasia. "Chukua, bosi. Gari kama hili hulipati mara mbili. Huyu mama amelibeba vizuri sana."

"Asante," alisema Mwalimu, kwa sababu alilelewa kushukuru anaposifiwa.

Aliinuka kwenda kuandaa chai, na yule mchumba akamfuata jikoni bila kuitwa. Alikuwa msichana mwembamba, wino wa mihuri umemkaa kwenye vidole. Alichukua kijiko kimoja kimoja akakipangusa, ingawa vilikuwa vikavu.

"Mama, nikuulize?"

"Uliza, mwanangu."

"Inauma?"

Mwalimu alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapeleka watoto wa darasa la kwanza kuchanjwa, akiwashika mkono mmoja mmoja na kuwaambia haiumi, ni kama kung'atwa na mbu. Walimwamini wote, hata wale wa mwisho kwenye foleni waliokuwa wamesikia wenzao wakilia. Sauti ya kusemea neno lile ilikuwa bado anayo, iko palepale kooni. Neno moja tu, na fomu ikishagongwa muhuri angeamka na goti lake mwenyewe.

Alimtazama msichana. Magoti yake yalikuwa madogo na ya mviringo, kama ya mtu aliyekuwa akiruka kamba juzi.

"Inauma," alisema. "Na huyu mwenzako ana haraka. Nimesikia anavyofunga mlango."

"Anabamiza," msichana alikubali. "Nikimwambia, anasema nitazoea."

"Utazoea. Mimi nilizoea. Ila kuzoea siko kupona."

Msichana alikirudisha kijiko cha mwisho mahali pake, akatoka. Kutoka jikoni Mwalimu alisikia wakinong'ona kando ya gari, kisha hawanong'oni tena.

"Wake za watu wote wanabeba!" mfamasia alisema. "Hata mama yangu alibeba lori!"

"Basi oa hilo gari, mimi nirudi posta."

Bisibisi alipatwa na kikohozi kikubwa, akaenda kukikoholea nyuma ya gereji. Mfamasia akasimama amejishika kiuno. Alilitazama gari, akamtazama mchumba, akalitazama tena gari. Mwishowe alipanda barazani, akamwambia fundi saa kwa heshima zote kwamba atalichukua, bei ile ile bila kupunguza hata senti, ila uchakavu ubaki.

Fundi alisema atatoa jibu Jumatatu.

Jumapili nzima hawakulizungumza. Fundi alilipaka gari nta mara ya pili. Mwalimu alifua mapazia.

Jumatatu walikaa kwenye benchi la ofisi ya leseni, mbele ya dirisha la tatu, ambako kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isiibwe. Mfamasia alikuwa ametangulia kusaini sehemu yake, akawa anasubiri nje akizungusha ufunguo kidoleni kabla haujawa wake. Karani aliirudisha fomu chini ya kioo.

"Mzee, sehemu ya nne mmeiacha wazi."

Fundi aliishika kalamu, akaukaribiza uso kwenye karatasi kwa sababu ya macho yake. Hakuandika. Alimgeukia mkewe.

"Ulimwona yule binti," alisema kwa upole. "Mdogo vile. Tutamtwisha vipi mtoto wa watu?"

"Na mimi ni mtoto wa nani?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na wateja wake wa saa walimpenda kwa hilo.

"Wewe ni mke wangu," alisema.

"Uliniahidi."

"Niliahidi kabla sijamwona." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa machozi ya uongo. "Nisingelala, Mwalimu. Kweli kabisa, nisingelala."

Akaandika *unabaki*, kwa mwandiko wake mdogo, na hata bila macho mstari ulinyooka.

Mwalimu alimuuliza karani yeye anatia saini wapi. Karani alikuwa mama wa makamo, bandeji imemzunguka kifundo cha mkono. Aligeuza fomu upande wa pili, kisha upande wa kwanza tena.

"Wewe huhitaji kusaini, mama. Uchakavu ukihama ndipo anasaini anayepokea. Ukibaki hakuna wa kusaini, kwa kuwa hakuna kilichobadilika."

Akagonga muhuri.

Mtaani habari ilienea kabla ya magharibi. Walisema fundi saa ana utu, kwamba mtu mwingine angemtupia yule msichana mzigo wote na kuhesabu pesa zake. Jirani wa kulia alikuja hasa kumpa mkono.

Mfamasia aliendesha kama Mwalimu alivyotarajia. Ijumaa ya kwanza, Mwalimu akianika nguo, nyonga yake ilishuka ghafla kana kwamba ardhi imekatika. Akajua ni shimo, na kwamba mfamasia hakukanyaga breki. Wiki ya tatu, akiwa kitandani, sikio la kulia lilichubuka lote kwa mkupuo mmoja: kioo cha pembeni kimekwaruza nguzo ya geti. Fundi alimpaka dawa, akaandika katika safu ya pili, akaacha ya kwanza tupu maana gari halikuwa lake tena. Kisha akapiga simu na kumwomba mfamasia, kama hatajali, atumie gia ya tatu kwenye kona.

"Sawa, mzee wangu," mfamasia alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau kitu asichokiona.

Mwisho wa kila mwezi ilifika bahasha ya posta yenye alama ya kidole cha wino wa mihuri, haina barua ndani, ina kopo dogo la dawa ya kuchua. Mwalimu aliyapanga makopo dirishani. Hakumwambia mumewe yanatoka kwa nani, na mumewe kwa macho yale alidhani ni viungo vya chai.

Mwezi wa tano mfamasia alipiga simu mwenyewe. Fundi alisikiliza akiwa amesimama, uso ukimchangamka. Alipokata simu alikaa upande wa sikio zima la mkewe.

"Umesikia? Amelipeleka kwa Bisibisi kukaguliwa. Anasema halijapata hata mkwaruzo. Bado ni jipya, Mwalimu!"

"Nimesikia," alisema Mwalimu.

Mwaka haukuisha, mfamasia na mkewe wakawa wanatarajia mtoto, na kiti cha mtoto hakikuweza kuingia nyuma. Tangazo lilitoka gazetini siku ya Alhamisi. Fundi alimpa mkewe amsomee, na Mwalimu akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari:

*Gari la michezo, jekundu, milango miwili. Limetunzwa, halina mkwaruzo. Uchakavu umebaki kwa mmiliki wa kwanza. Mama yupo, anaonekana kwa miadi.*

"Wameandika vizuri," fundi alisema. "Wangeweza kuficha."

Wateja walianza kuja. Walikuja nyumbani kwa fundi saa kwanza, kisha ndipo wakaenda kwa mfamasia kuliona gari lenyewe, kwa sababu gari la aina ile likikaguliwa peke yake halimwambii mtu kitu. Fundi aliwapokea vizuri. Alimchagulia Mwalimu gauni la mikono mifupi, akasogeza kiti karibu na mlango penye mwanga, akaeleza mwaka kwa mwaka bila kuangalia daftari. Kwa muda mrefu hakuwa amechangamka namna ile. Mwalimu alikaa, akakunja, akanyoosha, akavuta pumzi.

Wiki ya pili alikuja mkandarasi, mtu mzima, mpole, aliyevua viatu mlangoni ingawa hakuombwa. Aliukubali uji wa moto kwa mikono miwili. Alikagua kwa macho tu, hakumgusa mama wa watu, na alipouliza jambo aliuliza kwa staha.

"Mama ana miaka mingapi?"

"Hamsini na sita," alisema fundi.

"Anaonekana zaidi."

"Hiyo ni ya barabarani. Mwenyewe ni hamsini na sita."

Mkandarasi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Alikunywa, akaweka kikombe chini, akasita kidogo kama mtu anayeona haya.

"Mniwie radhi, lakini mimi nataka gari la kukaa nalo. Miaka ishirini, thelathini. Na pale ofisini wanasema uchakavu uliobaki haurudi garini hata iweje. Mbebaji akiondoka duniani unashuka kwa damu yake." Aliitazama sakafu. "Mmejaliwa watoto?"

"Hatukujaliwa," alisema Mwalimu.

Alisema bila haraka, kwa sauti laini, iliyotulia, ambayo mtu yeyote angeiamini. Mkandarasi aliiamini. Alianza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Fundi saa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kwa maisha yake yote hakuwahi kumuuzia mtu saa iliyokuwa na kasoro bila kumwonyesha kasoro, wala kumnyima sifa saa iliyostahili sifa.

"Tunaye mmoja," alisema. "Wa kike. Ana miaka ishirini na mitatu, na hajawahi kuumwa hata jino."